Siku Niliyoungoja Mlima Voi

Enyi wenzangu mliobakiwa na meno mawili matatu, hebu tukumbushane. Enzi zetu, sisi tuliozaliwa juu kwenye vilima vya Taita, uwanja wa michezo ulikuwa kitu kilichoinama. Shule yetu ilijengwa ubavuni mwa mlima, na mpira ukipigwa vibaya uliteremka hadi kwenye maharagwe ya mama mmoja, Mkawasi, naye hakuurudisha mpaka atoe matusi yote aliyoyaweka tangu Jumapili. Asubuhi tulikula kimanga, viazi na kunde vilivyopondwa pamoja, tukatoka mbio peku kwenye umande, vidole vikafa ganzi. Baridi ya miaka ya hamsini haikuwa mchezo, na sweta ya nyumba nzima ilikuwa moja.

Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Righa, alikuwa mtu mfupi mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikaweza kusimama yenyewe. Njia ya mbio aliichora kuanzia mlango wa kanisa, ikashuka hadi kijitoni, halafu ikapanda mpaka kanisani tena. Hiyo ndiyo raundi moja. Kila alasiri alitupigia kelele, "Teremkeni kwa adabu, pandeni kwa hasira!" Nasi tulimtii. Tulishuka taratibu tukitunza pumzi, kisha tukaupanda ule mlima kama tumetukaniwa mama. Kijiti cha kupokezana kilikuwa kipande cha muwa, na kila Ijumaa kilikuwa kimepungua, wala hakuna aliyekiri. Lakini rekodi zetu zilitisha! Mwakisha, bingwa wetu wa kuruka mbali, aliruka hadi mwalimu akaishiwa na kamba ya kupimia, maana alirukia upande wa mteremko.

Mimi nilikuwa wa nusu maili ya wasichana, na shuleni sikuwa na mpinzani. Shida yangu ilikuwa baba. Alikuwa mzee wa kanisa, na alisifika kijiji kizima kwa mwendo: hakuna aliyewahi kumtangulia mlimani akitoka soko la Mwatate. Mbio zangu zilimkera kwa sababu alasiri ndiyo saa ya kuni. Tuliposikia mashindano ya shule zote yatafanyika Voi, alinikalisha chini. "Wakesho, nenda. Lakini ukirudi mikono mitupu, kukimbia basi. Alasiri ni ya kuni." Bila kukimbia nilijiona sina kitu kingine changu duniani. Naye siku ilipofika akapanda lori pamoja nasi, kiti cha mbele kando ya dereva, viatu vya Jumapili miguuni, akajionee mwenyewe.

Lo! Voi! Joto, vumbi jekundu, na uwanja uliolala sawa kama meza. Kipenga kilipolia niliondoka kwa adabu, vile nilivyofunzwa. Wasichana wa huko wakanipita mmoja mmoja, nami nikawaonea huruma kabisa: hawa watajuta tukifika kwenye mlima. Raundi ya kwanza nikatunza pumzi. Raundi ya pili, bado naitunza. Mara nikasikia makofi, nikaona msichana mmoja mrefu amebebwa juu juu. Mbio zimekwisha, na mimi hata jasho sina! Nikamwendea Mwalimu Righa, nikamwuliza, "Mwalimu, mlima uko wapi?" Watu walicheka wakashika mbavu. Maskini Mwalimu, hata yeye hakuwa amewazia mbio zisizo na mlima. Mwakisha naye alitua kabla ya kuufikia mchanga. Hatukupata hata peremende.

Tukapanda lori kurudi. Lori lilipofika chini ya mlima wetu rejeta ikachemka, dereva akatuambia tushuke tutembee. Baba akanijia. "Umeona mwenyewe. Kesho kuni."

Machozi yakanijaa. Lakini miguu yangu, jamani, ilikuwa na nguvu zote nilizozitunza mchana kutwa, na mlima wenyewe huo hapo mbele yangu. Nikasema kwa heshima, "Baba, naomba nitangulie nyumbani nikuwekee chai."

Akacheka. "Unitangulie? Mimi? Kwa mlima huu?" Na papo hapo akaanza kukaza mwendo.

Nikapanda kwa hasira. Nililia huku nikikimbia, nikakata njia za mkato, nikapenya migombani. Mwanzoni nilisikia viatu vyake vikigonga mawe nyuma yangu. Kufikia kona ya tatu sikusikia kitu. Nilipofika nikawasha moto, nikachemsha chai, nikaweka kigoda chake mlangoni, nikakaa chini kumngoja.

Alitokea jua likizama, viatu mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Akakaa. Akanywa chai yote. Kisha akamwita kaka yangu aliyekuwa ndani. "Mwakio! Kuni za kesho ni zako."

Siku hizi mjukuu wangu ni mkimbiaji wa chuo kikuu kimoja kidogo huko chini Voi. Ana medali ukutani, viatu vya aina tatu, na saa ya mkononi inayomwambia kama amechoka. Sisi tulijua wenyewe tukichoka! Akija kunitembelea huletwa na bodaboda hadi mlangoni, eti anapumzisha misuli. Mwezi uliopita nilimchokoza kwa simu: nilimwambia mashujaa wa Voi hawajui kupanda. Alipokuja, akashuka kwenye pikipiki kule chini, akapanda kwa miguu.

Alifika jua likizama, viatu vya bei mkononi, kifua kinapanda na kushuka, akaangukia kile kigoda. "Nyanya," akasema, "huu mlima wenu hauna huruma." Kwa jinsi alivyokaa nikamwona baba, moyo ukaniuma. Nikampa chai. Nikafungua mdomo nimwite kaka yake aliyekuwa ndani, nimwambie kuni za kesho ni zake, ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi tunapika kwa gesi.