Presha Yangu Haishuki na Mke Wangu Amelaumiwa Bure

Admin, nifiche kabisa. Usiweke hata jina la kijiji, kwa sababu huku Tetu ukisema tu "yule mzee" watu wanajua ni mimi. Niko na miaka hamsini na nne. Nilisoma mpaka darasa la saba, lakini hakuna mahari ya maana imepelekwa kuanzia Wamagana mpaka Nyeri mjini bila mimi kuongea mbele. Hata mapadri hunyamaza nikishika maikrofoni. Ndama akikwama tumboni, daktari wa mifugo hupigiwa simu baada yangu. Nawaambia haya mjue si mtu ovyo anawaandikia, na mjue mtu kama mimi akilia, kuna kitu.

Miaka minne iliyopita figo zangu zote mbili zilikufa. Dada yangu mdogo, aliyeolewa Gakindu, ndiye alinipea yake moja. Hakubembelezwa. Alisema tu, "Wewe mtoto wa mama ulinibeba mgongoni tukienda mtoni. Chukua." Hiyo figo ilianza kazi kabla hawajamaliza kunishona, mkojo ukitoka kama mto Gura wakati wa mvua, mpaka madaktari wa vyumba vingine wakaitwa kuja kuona. Siku ya tatu nilikuwa nafundisha wagonjwa wengine kutembea.

Nikitoka hospitali niliambiwa mambo mawili. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, kila siku, saa ile ile, mpaka siku nitakapokufa. Na chumvi nisahau. Dawa nameza kama mwanajeshi. Chumvi, mke wangu ndiye aliifanya vita yake. Ile ya kupikia watoto alifungia kwa sanduku, ufunguo akavaa shingoni pamoja na rozari. Majirani wote aliwaonya. Githeri yangu ilikuwa na sufuria yake peke yake, na kusema ukweli ilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea miguu.

Basi mwaka huu presha ikaanza kupanda. Daktari akaongeza dawa, ikapanda tu. Miguu ikavimba mpaka gambuti zikakataa kuingia. Nikipanda kilima cha kanisa napumzika mara tatu, najifanya naangalia majani chai ya watu. Wakaupiga moyo picha. Daktari wa kliniki, kijana mpole wa kutoka magharibi mwa nchi, akaniketisha.

"Mzee, figo iko sawa. Moyo ndio unaniogopesha. Umepanuka. Watu wengi waliopewa figo hawaondolewi na figo, wanaondolewa na moyo, figo ikiwa bado inachapa kazi. Chumvi unakula?"

"Daktari, kwangu hata panya hawajui chumvi."

Akakuna kichwa. Akasema basi labda ni ile dawa ya kulinda figo ndiyo inapandisha presha. Nirudi baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, wajaribu kuibadilisha. Lakini akaniambia wazi, kubadilisha kuna hatari yake, mwili unaweza kuamka uikatae figo.

Dada aliposikia, asubuhi iliyofuata alikuwa kwangu. Hakusalimia mtu. Alifungua kila mkebe jikoni, akamwamuru mke wangu afungue sanduku, akatoa pakiti ya chumvi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya watoto, Mama Njeri," mke wangu akasema.

"Watoto gani! Mimi nilikatwa mbavuni nikatoa kitu sitarudishiwa, na wewe unakitia chumvi kama nyama ya kukausha!"

"Si uonje chakula yake. Ile pale kwa jiko."

"Ya leo nitaonja. Ya jana nitaonja aje?"

Mke wangu akanigeukia. "Baba Shiru. Si useme kitu."

Mimi, mwenye kunyamazisha mapadri. Niliangalia kalenda ya ukutani mpaka nikajua sikukuu zote za mwaka. Na nilijua hana makosa. Nilijua kabisa. Alivua ufunguo shingoni polepole, akauweka mezani mbele yangu, akaenda kwao Kutus. Wiki mbili sasa. Simu yangu hashiki. Neno moja tu ametuma, kupitia kwa msichana wetu: "Mwambie asisahau dawa ya saa mbili." Nilisoma hiyo nikakaa kwa ndoo ya maziwa nikalia.

Sasa dada ndiye ananipikia, bila hata kitunguu, na presha iko pale pale. Anasema ni ile chumvi ya mke wangu bado inatoka mwilini. Mimi nalala nimeketi, nikilala chali pumzi inakata. Na Jumatatu hiyo inakuja. Nikinyamaza, watabadilisha dawa, na figo ya dada yangu inaweza kufa bure kwa sababu ya mdomo wangu. Nikisema, mke labda atarudi. Lakini dada akijua kitu alichokatiwa nimekifanyia nini, hatanitazama tena. Na ikifika kwa watu, nitashika maikrofoni gani tena mbele ya wakwe?

Ndugu zangu, nyinyi vijana wa simu, na kina mama mnaosoma, mnitukane mkitaka lakini mnielekeze. Nianze na nani, mke ama dada? Na maneno yenyewe ninayasema aje? Mimi kazi yangu ni kuongea, na haya yamenishinda.

Mtauliza nilijuaje mke wangu hana makosa. Ng'ombe yangu, Susana, namkamua mwenyewe kila asubuhi. Kwa kihori chake kuna lile jiwe la chumvi ya ng'ombe, limefungwa kwa kamba. Susana ameliramba upande mmoja mpaka likabonyea kama bakuli.

Ule upande mwingine ni mimi.