Shikamoo ya Mwalimu wa Muda

Juma lililopita nilimpeleka mdogo wangu shule ya misheni, huko karibu na Kalenga, wanakosoma hata watu wazima. Mwalimu wao anaumwa, na kijana aliyeletwa kushika nafasi yake alikuwa mlangoni, chaki mkononi, miguu imegoma kuvuka kizingiti.

Darasa likasimama. Mstari wa mbele alikuwapo mwanafunzi mwenye ndevu, baba wa watoto wawili. Kijana alipomwona, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Hakuna aliyecheka. Nilimwogopea yule kijana.

Mwenye ndevu akajibu taratibu, "Marahaba, mwanangu. Ingia. Hata sisi tunakuogopa."

Akaingia.

Misheni inasema haina msaidizi wa kumpa yule kijana. Anaye tayari, tena ana ndevu.