Dalali Aliyeficha Vidonge

Dalali alikuwa na kanuni moja, nayo ndiyo iliyomponza. Kasoro ya mali haitajwi mpaka mnunuzi aulize. Jokofu halishiki baridi? Sifia mlango wake. Kabati lina mchwa? Piga nyundo upesi kabla watu hawajalisogelea. Miaka ishirini na sita alinadi hivyo, kwa sauti iliyowatoa watu hotelini na vikombe mkononi.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Daktari wa koo akamwonyesha kinyama kilichoota kwenye nyuzi za sauti.

"Tutakikata kupitia mdomoni," akasema. "Ni kazi ndogo, ila mahali penyewe ni padogo mno. Mzee wangu, unatumia dawa yoyote?"

Basi hapo, jamani, hapo! Mfukoni mwa koti alikuwa na vidonge vya kuzuia damu isigande, alivyopewa hospitali nyingine baada ya donge la damu kutoka mguuni, likapanda hadi pafuni, nusura limuue. Mwaka wa nyuma alivitaja alipotaka kung'oa jino, wakamzungusha mwezi mzima. Na sasa kulikuwa na mnada wa kiwanda kizima kilichofungwa, wiki sita mbele. Akicheleweshwa, dalali wa mtaa wa pili angeuchukua.

"Za kichwa tu, mara mojamoja," akajibu.

Mwongo mkubwa! Hata kanuni yake mwenyewe aliivunja: aliulizwa, akaficha.

Mkewe, aliyekuwa akimpa vidonge hivyo kila jioni, alimuuliza kama daktari ameruhusu.

"Kasema niendelee navyo," akasema, bila hata kupepesa macho.

Maskini mama wa watu akaendelea kumpa, hata jioni ya kuamkia upasuaji.

Kazi ya nusu saa ikawa ya saa tatu. Damu ilikataa kukatika. Ilivuja, ikajaa kooni, ikamziba pumzi, na daktari akalazimika kuchoma, akachoma tena, mpaka nyuzi zenyewe zikaungua. Siku nne alipumua kwa mpira. Alipona, ndiyo, lakini pale kwenye nyuzi kovu likakaza, na kila alipofungua kinywa ilitoka pumzi tu. Kiwanda kilinadiwa na yule wa mtaa wa pili, tena vibaya, akiwa anakohoakohoa katikati ya bei.

Siku ya kurudi kliniki, mkewe alikuja na pakiti ya vidonge, akaiweka mezani kwa daktari, akamsimulia na habari ya mnada uliopotea. Daktari akasoma jina, akalisoma tena, akavua miwani.

"Mzee, ungeniambia, ningekaa na daktari wako wa damu, tukavisimamisha kwa mpango, tukachunga donge lisirudi. Siku tano. Siku tano tu, kisha ningekukata, na mnada wako ungeuwahi. Kwa nini hukusema?"

Dalali akafungua kinywa. Akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, machozi yakamlengalenga, na hakuna neno lililofika ng'ambo ya meza.

Mkewe hakumtazama. Vidonge vile vyote vilipita mkononi mwake.

"Usimsumbue, daktari," akasema. "Hata alipokuwa na sauti, ukweli haukumtoka."