Koti la Mtangazaji

Nilimvua mtangazaji koti mbele ya kamera, kipindi kikiwa hewani, nikalivaa mimi. Sikuwa nimelewa. Nilidhani ni mtani wangu.

Nyimbo zangu nazitungia uani kwangu, hapa Tabora. Mstari mzuri hunijia nikiwa na ungo wa maharage magotini. Kutoka nyumbani sipendi. Hata Urambo, wakulima wa tumbaku wakinialika niwaimbie, naenda nimenuna. Lakini kipindi kikubwa cha burudani kiliponipa nafasi ya wimbo mmoja, nilipanda treni mpaka Dar es Salaam. Wasanii wengine wamevuma kwa nyimbo nilizowatungia. Safari hii nilitaka nchi inisikie kwa sauti yangu mwenyewe.

Mtangazaji akanikaribisha: "Jisikie nyumbani, dada. Mimi mwenyeji, mtu wa Kisarawe."

Basi! Mnyamwezi humwambii hivyo ukasalimika. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, Mzaramo ni mtani wetu, na kitu cha mtani hakiombwi, kinachukuliwa.

"Kumbe ni wewe! Babu yangu alifika kwenu miguu imevimba, hamkumpa hata maji. Lete koti hilo."

"Dada, subiri kidogo, mimi..."

"Nisubiri nini? Vua!"

Akavua. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Alipopata pumzi akaeleza kwamba Kisarawe alikulia tu, kwao Bukoba. Nikamwomba radhi, akacheka, tukabishana kwa mzaha mpaka muda ukaisha. Wimbo haukuimbwa.

Nilirudi Tabora nimenuna njia nzima, na koti la watu nimelisahau mkobani. Siku chache baadaye wakanipigia simu: watazamaji wanamuulizia dada wa koti, kwa hiyo niwe naenda kila wiki kuwatania wageni wao. Mimi nisiyependa safari! Nikawajibu kwamba nakuja, ila kila kipindi kifunguliwe na wimbo niliotunga mimi, niuimbe mimi. Wakakubali. Walijua wanazungumza na nani, na nyimbo ninazo. Kwangu maharage hayaishi.

Nikakimbilia kwa jirani yangu, mama mshona kanzu, ambaye ukuta wake husikia nyimbo zangu kabla ya mtu yeyote.

"Shikamoo, mama! Nimepata kipindi! Nitaimba kila wiki!"

Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Marahaba. Koti la watu lirudishe. Na safari hii uimbe kwanza, ndipo upore."