Punje Moja, Matumbo Mawili

Tumbo la baba yangu lilianza kuvimba wiki ile ile Rugaba alipoacha kupokea simu.

Msicheke. Nilikuwepo.

Ilikuwa mwaka 2016, tunakaa Beechmont, Louisville. Sisi ni Warundi tulioishi kambini Ngara, Tanzania. Baba, jina lake Aloisi, alikuwa anapakia maboksi ghalani. Mtu wa kwaya, mkali kwa mambo ya kishirikina kuliko mchungaji.

Sasa mtu huyo akawa anashinda jikoni, amekumbatia tumbo, anatetemeka. Hospitali walimpima, wakampiga picha, hawakuona kitu.

"Baba, umekula nini?"

"Kahawa."

"Umekunywa nyingi?"

"Nilimeza punje moja tu. Zamani."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Akanieleza. Enzi za kambi alikuwa anatoroka kwenda kufanya vibarua Karagwe, kwenye kashamba ka kahawa ka Rugaba. Siku askari walipokuja kuwasaka wakimbizi, Rugaba alimficha. Tangu hapo wakawa ndugu kwa desturi ya kule: unapasua tunda la kahawa, ndani mna punje mbili. Kila mtu anachanjwa chini ya kitovu, anapaka punje damu yake, mwenzake anaimeza.

"Ukimficha ndugu yako jambo," baba akasema, "punje inaota humo ndani."

"Wewe umemficha nini?"

Ikabidi aseme.

Shangazi Agata, dada yake baba, anafanya kazi Kenmore, kule Buffalo, kwa mama mmoja Mmarekani anayekaanga kahawa za hali ya juu. Alimwonjesha bosi wake kahawa ya Rugaba na majirani zake. Yule mama alidata! Akaahidi bei ambayo kijiji kile hakijawahi kuisikia. Lakini akaweka sharti: atalipa kahawa ikishafika Amerika, akaionja tena.

Bei, baba alimtangazia Rugaba. Sharti akalimeza.

"Kila akiniuliza pesa namwambia zinakuja. Sasa amenyamaza. Amejua. Imeota, mwanangu."

"Baba, wewe si unamjua Yesu?"

"Yesu namjua. Na Rugaba namjua."

Nikawasha gari. Tukaelekea Columbus, kwa mzee Karekezi anayekaa Northland, maana ndiye aliyewachanja. Njia nzima baba ananiomba nipunguze mwendo.

"Umesikia? Imesogea."

"Baba, nyamaza, nitatugongesha!"

Nina diploma yangu, nakubali. Lakini pale barabarani, malori yanatupita kushoto na kulia, nilijikuta najipapasa tumbo langu mwenyewe. Je, vitu hivi vinarithiwa?

Karekezi alifungua mlango, akatazama tumbo kabla ya uso.

"Nani kamficha mwenzake?"

"Mimi."

"Basi dawa ni mdomo. Mwambie."

"Hapokei, mzee."

"Mpigie mkewe, mjinga wewe."

Mkewe anaitwa Kostansia. Alipokea, akaanza kulia. Akasema mumewe amejifungia chumbani, hataki hata kuona simu. Tukasikia anagonga mlango, anabembeleza. Kisha ikaja pumzi nzito.

"Aloisi? Usiniue."

Baba akainuka.

"Nani amuue nani?"

"Niondolee hii laana, ndugu yangu. Tumbo limevimba, mkanda haufungi. Nimekuficha. Niliuza butura, na majirani nao."

Mimi nilikulia jirani na kule, neno hilo nalijua. Butura ni kuuza kahawa ikingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida haingoji mavuno. Mlanguzi anakupa chochote leo. Msimu ukifika anakuja kuchuma chake, wewe unatazama.

"Kostansia alitakiwa kupasuliwa," Rugaba akasema. "Ulisema zinakuja. Nilingoja, hazikuja. Ningemwacha afe?"

Baba akaanguka magoti kwenye kapeti la watu. Akasema yote. Kule nako kilio.

Karekezi akasonya. "Wanaume wazima, mna mimba za kahawa!"

Baba alicheka mpaka akajamba, samahani, na jioni mkanda wake ulipata tundu lake la zamani.

Wengine mngeishia hapo. Mimi hofu yangu ndiyo kwanza ilianza. Kahawa aliyoahidiwa yule mama ilikuwa na mwenyewe tayari. Nani angemwambia? Akikasirika, kijiji kizima kimepoteza mnunuzi pekee wa maana.

Tukaenda mpaka Kenmore. Shangazi Agata alinivuta kando.

"Dafroza, ukiniharibia kazi, hiyo diploma yako utaila na chumvi."

Hata hivyo niliingia, nikamweleza yule mama kila kitu.

Uso ukamwiva. "Nimewapa bei mara tatu ya soko! Na wamemuuzia mwingine?"

"Umewaahidi," nikasema. "Aliyewapa ni yule mlanguzi. Kidogo, lakini alikuja siku mgonjwa yuko kitandani."

"Siwezi kulipia kahawa ambayo sijaionja."

"Yeye anailipia ikiwa ua."

Shangazi alifumba macho. Mashine zikanguruma, nami nikajua nimeua kijiji kwa mdomo wangu.

Yule mama akazima mashine. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Maua yanatoka lini?"

Msimu ule tuliukosa, na mlanguzi alijaza lori. Uliofuata, sehemu ya malipo ilifika Karagwe kabla maua hayajanyauka, na Rugaba alichuma kahawa yake mwenyewe.

Ndugu msomaji, unaponunua ule mfuko wenye picha ya mkulima anayetabasamu, umeshazoea kuuliza analipwa kiasi gani. Uliza na analipwa lini.

Bei nzuri inayofika baada ya njaa si bei. Ni rambirambi.