Bakuli Lililorudi Limeoshwa

Harufu ya ile dawa nyeusi ya kusafishia vyoo, inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa maji, mpaka leo inanipandisha hasira. Naikuta hospitalini, naikuta shuleni kwa wajukuu, na kila mara najikuta nimekunja uso hata watu wanadhani huyu mama ana kiburi. Sina kiburi. Ni kwamba kwa muda mfupi narudi kuwa na miaka tisa, nimebeba bakuli la bati lenye kifuniko, nimesimama kwenye baraza ya kituo kidogo cha polisi kaskazini ya Nchelenge, na askari aliyeketi nyuma ya meza ananiambia nisubiri. Jina la kituo sitalitaja, maana waliokuwapo wengine wamekufa na wengine wana watoto wasio na kosa. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, majira ya baridi, upepo wa ziwa la Mweru ukivuma tangu asubuhi na kutujaza mchanga machoni, na baba yangu alikuwa ndani ya kituo kile, nyuma ya mlango ambao sisi hatukuruhusiwa kuukaribia.

Baba alikuwa mtu wa ng'ambo, upande uliokuwa ukiitwa Zaire wakati ule. Alikuja huku kabla sijazaliwa, akamwoa mama, mwenyeji wa ufukwe huu, na nyumbani tulichanganya Kiswahili cha baba na Kibemba cha mama bila kujua mpaka uko wapi. Kazi yake ilikuwa kwenda kisiwa cha Kilwa, kilichomo ziwani humohumo, kununua samaki wakavu na kuwaleta sokoni. Karatasi ya ukaaji alikuwa nayo, halali kabisa, yenye muhuri wa boma. Lakini aliiweka ndani ya sanduku nyumbani, kama walivyofanya wafanyabiashara wote wa ziwani, kwa sababu mtumbwi huingiza maji na karatasi ikilowa mara moja muhuri unayeyuka na mtu anabaki na kipande cha kufungia karanga. Siku askari walipowasubiri bandarini na kuwataka wageni wote waonyeshe karatasi, baba akasema yangu iko nyumbani, ni mwendo wa nusu saa, twendeni nikawaonyeshe. Hawakwenda. Walimfunga kamba mikononi na kumpeleka kituoni akiwa bado na suruali iliyokunjwa hadi magotini.

Mama alitoa karatasi ile sandukuni siku hiyohiyo, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaikimbiza kituoni. Askari wa mezani aliitazama mbele na nyuma, akasema ni nzuri, ila mwenye ruhusa ya kumwachia mtu ni mkubwa wake, na mkubwa amekwenda mjini Mansa. Mama akauliza atarudi lini. Akaambiwa kesho. Mama akauliza kama anaweza kuiacha pale mezani, na askari, hapo angalau alisema kweli, akamshauri asiiache, kwa sababu karatasi za pale mezani hupotea. Basi akaitia kifuani, na humo ikakaa. Ikiwa mkubwa ataiona, baba anarudi nyumbani. Asipoiona, baba anapelekwa mbele ya hakimu kama mtu asiye na karatasi. Hata mimi nililielewa hilo. Kesho ile ya askari tuliifuata kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa imesogea mbele siku moja.

Kituo hakikuwa na chakula cha wafungwa, au kilikuwa nacho na sisi hatukukiona. Kila mwenye mtu wake alimletea. Mama alipika ugali wa muhogo na samaki aina ya makobo, ambaye baba alimpenda sana, na kazi ya kubeba ikawa yangu, yeye akitembea mbele na karatasi yake kifuani. Askari alinifunulia bakuli, akaniamuru nionje tonge moja mbele yake ili ajue halina sumu, kisha akalichukua ndani. Tulikaa barazani mpaka lirudi. Rafiki za baba, watu wa ng'ambo wenzake waliokuwa wakijaa nyumbani kwetu kila Jumapili baada ya kanisa na kumaliza chai yetu yote, hatukumwona hata mmoja. Nasikia waliogopa kuulizwa karatasi zao. Mimi niliwachukia, na nikiwa mkweli, chuki hiyo haijaisha.

Sasa lazima nieleze jinsi baba alivyokula, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kwetu baba hamalizi sahani. Anayeimaliza watu humwita mlafi, na watoto wake huonewa huruma na majirani. Baba yangu alianza samaki mkiani, akapanda taratibu, akaacha kichwa kizima na nyama ya mashavu yake, na pembeni akaacha tonge la ugali lililobonyezwa kwa kidole gumba. Hilo lilikuwa langu, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza. Hata alipokuwa ndani, kwa siku kumi na moja, bakuli lilirudi hivyohivyo: kichwa, tonge, alama ya kidole. Nilikula pale pale barazani, katikati ya harufu ya dawa, na sikuona aibu. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya baba kusema nami, na nilijua kwamba ameamka, ana nguvu, na ananikumbuka.

Siku ya kumi na mbili bakuli lilirudi tupu. Halikuwa tupu tu, lilikuwa limeoshwa. Kwenye kifuniko kilibaki kipande kimoja cha mfupa wa kichwa kilichotafunwa na kufyonzwa mpaka kikawa cheupe. Askari akamwambia mama kwamba leo mumewe amekula vizuri sana. Mama akafurahi, akamshukuru kwa kupiga magoti kama ilivyo desturi, na njiani akasema kwamba moyo wa baba umerudi, kwamba mtu anayemaliza chakula chote ameachana na huzuni. Tulipofika kwenye vichanja vya kukaushia samaki, nikasimama.

"Mama," nikamwambia, "haina papa njo alikula hii samaki."

Akaniuliza nasema nini. Nikamweleza kwamba aliyekula samaki yule si baba, nikamtajia kichwa, na tonge, na bakuli kuoshwa, na nikamwambia baba hayupo mle ndani. Alinipiga kofi. Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga watoto. Naweza kuhesabu makofi yake yote kwa vidole vya mkono mmoja, na hilo ndilo lililouma kuliko mengine. Akasema mimi mlafi, nimelilia kichwa cha samaki wakati baba yangu yuko gerezani, na kwamba nisilirudie neno hilo. Nililirudia. Kesho yake nililirudia, na keshokutwa, kwa sababu bakuli liliendelea kurudi likiwa safi, na askari aliendelea kusifu hamu ya baba ya kula. Nilijaribu hata kugoma kubeba. Mama akalibeba mwenyewe, bila kunitazama, na mimi nikafuata nyuma nikilia kwa hasira. Hakuna kinachochosha kama kujua jambo ukiwa mdogo. Watu wazima wanakusikia vizuri kabisa, kisha wanakuuliza kama umenawa mikono.

Siku sita zilipita hivyo. Ya sita, dereva wa lori la samaki, aliyezoea kupakia mizigo ya baba, alisimama mbele ya nyumba yetu na kumwuliza mama mbona hajaenda. Mama akauliza aende wapi. Dereva akasema amemwona baba upande wa Kawambwa, amefungwa pingu pamoja na wenzake, wanaingizwa mahakamani, na kwamba baba alimpigia kelele kutoka mbali kuuliza kama kuna mtu wake aliyetoka ziwani. Mama alichukua kitenge cha pili, akanishika mkono, tukapanda juu ya magunia ya samaki. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, lori liliharibika mara mbili, na tulifika kesho yake mchana. Karani wa mahakama alikuwa mtu mpole. Alifungua ule mfuko wa plastiki, akaisoma karatasi yote, akatikisa kichwa, akasema ingeletwa juzi asubuhi mtu huyu angetoka nayo mkononi. Sasa alikwisha kupewa miezi mitano, na alikuwa amepelekwa gereza la mbali. Baadaye tulikuja kujua kwamba baba, siku aliyohamishwa, alikuwa amemwomba yule askari wa mezani atuarifu. Askari hakutuarifu, maana tungeacha kuleta samaki.

Baba alirudi mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Alikuwa amekonda na alikohoa, lakini alikuwa baba. Alikaa, akanywa maji, akatuita mmoja mmoja kwa majina, na kisha akamwuliza mama swali moja tu.

"Karatasi ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa na miye," mama akajibu.

Nilingoja amweleze habari za kesho, na mkubwa wa Mansa, na bakuli, na siku zote zile za barazani. Hakueleza. Baba akaitikia kwa kichwa. Nilipojaribu mimi kueleza, mama alinituma kuteka maji, na sikujaribu tena. Hawakugombana, na waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Lakini baba hakumpa tena mama kitu chochote cha kumtunzia, hata funguo, na hata nauli alipewa mdogo wake mama amshikie. Niliona hivyo kila mwaka wa maisha yangu ya nyumbani. Baba alifariki mimi nikiwa tayari na watoto watatu.

Mama aliishi mpaka uzeeni. Alasiri moja, tukibangua karanga, nikamwambia kwamba kofi lile la kwenye vichanja bado nalisikia. Nilidhani amesahau. Aliendelea kubangua, akasema, "Nilijua. Ile siku ulisema, nilijua." Nikamwuliza basi kwa nini alinipiga, kwa nini hakwenda kumtafuta, siku sita nzima. Mikono yake ikasimama. "Wakati nilikuwa napika, alikuwa hapa," akasema. "Kama ningeacha kupika, angekuwa wapi?" Nilikasirika kiasi kwamba niliinuka nikaenda kusimama nje, mwanamke mzima mwenye mvi, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa.

Siku hizi barabara ya kutoka ziwani ni ya lami. Mtu akikamatwa Chienge asubuhi, kabla ya adhuhuri ndugu zake wa Nchelenge wana habari, na picha ya karatasi yake inafika kwa simu kabla ya yeye mwenyewe kufikishwa popote. Vijana wangu hunicheka kwa sababu mtu wetu akilazwa tu hospitali, sikubali kuambiwa kwamba anaendelea vizuri. Nataka nimwone kwa macho, na nisipoonyeshwa nagombana na wauguzi mpaka wanachoka. Nawaacha wacheke. Kazi ya siku kumi na nane ingekuwa kazi ya dakika mbili, na hilo halinifurahishi, linanikera zaidi. Baba alikufa akiamini kwamba tangu ahamishwe hakuna aliyemfuata. Sisi tulikwenda kila siku, kwenye jua na upepo, na chakula kikiwa moto. Na mtu ambaye mpaka leo sijaweza kumsamehe si yule askari, ambaye hata sura yake imenitoka. Ni mama yangu, ambaye hakukosa hata siku moja.