Mama Breki hauzi kigari kabla ya kupima mlango

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni anaweka mfuko wa mchanga wa kilo kumi na tano ndani ya kigari cha mtoto. Anaufunga mkanda vizuri, anakisukuma kigari hadi juu ya kijiteremko kilicho mbele ya karakana yake, kisha anakanyaga breki na kuachia mikono.

Kigari kinasogea kidogo, kinasimama. Haridhiki. Anakitikisa, anakipiga teke dogo kwa nyuma, anahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini.

"Mtoto amelala?" anauliza fundi viatu wa mlango wa pili, bila kuinua macho kwenye soli anayoishona.

"Amelala fofofo."

"Msalimie baba yake."

Utani huo una miaka kumi na moja, umri uleule wa karakana. Mtaani wanamwita Mama Breki, na wengi hawamjui kwa jina jingine. Ana miaka hamsini na minne, watoto watatu wanaojitegemea, na chumba kimoja ambamo vigari vinaning'inia darini kama popo.

Kazi yake ni kununua vigari vilivyotumika, kuvitengeneza na kuviuza. Kwa wiki hutengeneza kama ishirini, vingi vya watu wanaomletea vyao, na huuza vitatu au vinne. Angeweza kuuza zaidi, lakini ana tabia moja inayowachekesha wenzake: mteja akiingia, anahojiwa kwanza.

Unaishi ghorofa ya ngapi? Mlango wako una upana gani? Barabara yenu ina lami au mawe? Mtoto mwingine yuko njiani?

"Kuna baba mmoja aliniambia, mama, mimi nimekuja kununua, sikuja kuposa," anasema huku akicheka hadi miwani inamteleza.

Jina la Mama Breki halikutoka kwenye mfuko wa mchanga. Lilitoka kwenye teremko la barabara, miaka ishirini na minne iliyopita, alipokuwa akishona vitambaa vya viti vya magari na mtoto wake wa tatu ana miezi minane.

Alikuwa amenunua kigari kwa jirani, kizuri cha kutazama, cha bluu. Siku ya kliniki alifika mlangoni, akakanyaga breki, akainama kutafuta kadi ndani ya mkoba.

"Nilipoinua kichwa, kigari hakipo," anasimulia. Sauti inashuka. "Kilikuwa kinakwenda chenyewe kuelekea barabara kuu. Nilipiga yowe tu."

Muuza magazeti aliyekuwa kando ya barabara alijitupa mbele, akakizuia kwa mguu. Alivunjika kidole. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Alikuwa anacheka, akidhani anachezeshwa.

Alipofika nyumbani alikifungua kigari kile kwa kisu cha jikoni kutafuta kilichomsaliti. Akakuta jino la plastiki la breki limelika lote. Akalipeleka kwa fundi baiskeli, wakachonga jino la chuma. Jirani akaona, akaleta chake. Wa pili akaleta chake. Maji yakafuata mkondo, naye miaka kadhaa baadaye akaacha cherehani, akafungua karakana.

Lakini ukimuuliza ni mteja gani hatamsahau, haanzi na breki. Anaanza na kosa lake.

Mwaka jana waliingia mume na mke. Mke alikuwa na ujauzito wa mapacha, mwezi wa saba, amemshika mkono binti yao wa miaka miwili. Mama Breki akampa kigoda. Mume, dereva wa malori ya safari ndefu, akabaki wima katikati ya chumba.

"Nataka kile kipana," alisema, akinyoosha kidole darini. "Watoto wakae ubavu kwa ubavu, waonane."

"Shemeji, mlango wenu una upana gani?"

"Mlango ni mlango."

"Na mnaishi ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano. Kuna lifti. Mama, mimi naegesha lori la tani thelathini, leo nitashindwa kupitisha kigari?"

"Lori huliegeshi sebuleni, baba."

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Dereva akakunja uso, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Siku hiyohiyo alinunua kigari kipya dukani, kipana, cha bei ya kodi ya nyumba ya miezi miwili.

"Mdomo wangu ulinizidi akili," anasema Mama Breki. "Nilishinda ubishi, basi. Ubaya zaidi, yule mama nilimpa kigoda tu. Sikumuuliza neno hata moja. Na msukumaji ni yeye, mumewe yuko safarini wiki tatu kati ya nne!"

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja mke yule alisimama mlangoni peke yake, kanga imefungwa haraka, akihema. Jirani alikuwa amemshikia watoto kwa nusu saa.

"Shikamoo, mama. Sijui kama unanikumbuka."

"Marahaba, mwanangu. Nakukumbuka. Kigari kinakwendaje?"

"Tunaanikia nguo."

Alisema hivyo akatabasamu, kisha tabasamu likavunjika, akalia. Kigari hakiingii kwenye lifti. Kinakunjika, ndiyo, lakini atakikunjaje akiwa na watoto wawili mikononi na wa tatu anamvuta sketi? Mlinzi wa jengo hataki kiachwe chini ya ngazi. Tarehe moja ya chanjo ilikuwa imepita, na mkubwa alikuwa akishinda dirishani akigonga kioo kwa kijiko. Yeye mwenyewe, kwa wiki tatu, alikuwa hajakanyaga nje.

Mama Breki alifunga karakana. Akachukua futi kamba, wakafuatana.

Mlango wa lifti ulikuwa na upana wa sentimita sabini. Kigari, sabini na sita.

"Sentimita sita," anasema, akionyesha kwa vidole viwili. "Hizo ndizo zilizomfungia mtu ndani. Na mimi ningeuliza vizuri, kwa upole, ningemwepusha."

Alipima na kina cha lifti, kona ya ukumbi, kizingiti, hata urefu wa mama mwenyewe mpaka kiwikoni. Karakana haikuwa na kigari cha kufaa vipimo hivyo. Ilikuwa na fremu moja nyembamba ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, ambayo kiti chake cha nyuma kilikuwa kimechanika.

Ilimchukua siku tisa. Kiti alikitoa kwenye kigari kingine, kitambaa akashona mwenyewe. Kwa nyuma akafunga kibao cha kukunja, cha dada mkubwa kusimama. Safari hii alipakia mifuko miwili ya mchanga, na wa tatu akausimamisha kwenye kibao. Kisha wakabadilishana: mama akachukua chembamba, kile kipana kikabaki karakana. Baadaye kikauzwa kwa familia inayoishi nyumba ya chini, yenye mlango kama wa ghala.

Mama wa mapacha anaikumbuka vizuri siku ya kwanza.

"Nilitembea mpaka mwisho wa barabara, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi tena," anasema. "Sikuwa na pa kwenda. Nilitaka tu kutembea. Yule mkubwa amesimama kwenye kibao chake anapungia watu mkono kama kiongozi."

Dereva aliporudi safarini, alikuja karakana mwenyewe. Alisimama nje muda mrefu, akijifanya anatazama viatu kwa jirani.

"Mama," alisema mwishowe, "nimekuja kuegesha."

"Karibu, baba. Nafasi ipo."

Alichotaka ni kufundishwa kukunja na kukunjua. Mama Breki alimrudisha mara kumi, mpaka alipoweza kwa mkono mmoja.

Tangu hapo utaratibu umebadilika. Swali la kwanza humwendea atakayesukuma, hata kama mwenye pesa ni mwingine. Na wakikubali, huenda kwao kupima kabla hajashusha kigari chochote kutoka darini.

Sasa duka la vioo la upande wa pili limehama, na yeye anakitaka chumba kile. Anataka vigari sita vya kuazimisha: vya mtoto mmoja, vya mapacha, vyenye kibao. Viwili vimekwisha kuwa tayari, na muuguzi mmoja wa kliniki amekubali kuwaelekeza kina mama kwake.

"Aje akichukue wiki nzima, bure," anasema. "Akipandishe ngazi zake, akiingize kwenye lifti yake, mvua imnyeshee nacho. Akiona hakimfai, arudishe, nimpe kingine."

Na asiyerudisha je?

Mama Breki anapangusa mchanga viganjani.

"Basi huyo kimemfaa."